Uji Ndani ya Rejeta ya Sajini

Aibu yangu hii watu wa soko la Kalerwe wanaijua vizuri kuliko mimi, maana wao waliitazama na mimi kwa sehemu kubwa nilikuwa nimefumba macho, kwa hiyo afadhali niieleze mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu wa kutia chumvi (ingawa sijui angeitia wapi, imejaa tayari). Ni kweli, jamani. Mimi ndiye niliyepika uji ndani ya gari la jeshi, na nikawapakulia watu sokoni mchana kweupe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, fundi katika gereji ndogo pale Bwaise, Kampala, wakati ule wanajeshi walipokuwa wanatawala na vipuri vilikuwa vimepotea madukani. Asubuhi hiyo ya mwezi wa Novemba, mwenye gereji, Mzee Lutaaya, alikuwa amekwenda kwenye maduka ya Kikuubo kutafuta mkanda wa feni (ungeweza kuutafuta wiki nzima ukarudi na betri za redio), akaniachia funguo na neno moja tu: "Usiharibu." Nilikuwa fundi kamili, nataka mlijue hilo, nilikuwa nafungua injini na kuifunga na hakuna kipande kinachobaki mezani. Ugonjwa wangu ulikuwa kuona haya. Nikiona mteja anakuja, naingia chini ya gari, hata kama shida ya gari iko juu.

Siku hiyo sikuwahi. Jipu la jeshi, la kijani, liliingia likifuka mvuke, matope yamelipaka mbele kote mpaka namba haionekani, na akashuka sajini mrefu, mabega mapana, sare imepigwa pasi hata baada ya safari.

"Fundi ni nani hapa?"

"Mi... mimi, afande."

"Wewe?" Akanitazama kutoka miguuni kwenda juu, na si mbali, maana mimi ni mfupi. "Haya. Gari nachemsha. Mama yangu iko ndani. Daktari ya macho nangoja yeye hospitali Mulago mpaka saa sita. Kesho hapana. Umesikia? Kesho daktari hapana."

Hakusema kwa nini kesho hapana, na sikuuliza. Madaktari walikuwa wanaondoka nchini mmoja mmoja bila kuaga na kila mtu alijua bila kuambiwa. Ilikuwa saa tatu. Ndani ya jipu alikaa bibi mdogo wa mwili, amejifunga kitambaa cheupe kichwani, kapu la simsimu mapajani, na macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu. Akageuza uso upande wa sauti yangu.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama, mama," nikasema, na hayo ndiyo maneno pekee niliyoyatoa vizuri asubuhi hiyo.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia. Gari likija linachemsha, kabla hujashika kitu unamwuliza dereva: umetoka wapi, umepita wapi, lilianza lini? Mzee Lutaaya alinifundisha hivyo siku ya kwanza, akasema nusu ya ugonjwa wa gari uko mdomoni mwa dereva. Lakini wenzangu, nani wakati ule angemwuliza mwanajeshi, tena kwa kumtazama usoni, "Afande, usiku wa jana ulikuwa wapi na gari hili?" Watu walikuwa wamepotea kwa kuuliza vitu vidogo kuliko hicho. Nikalimeza swali. Halafu yale matope. Fundi mwenye akili angeosha mbele ya gari kwanza, ili aone rejeta. Mimi nikaona namba imefunikwa, nikajiambia, hii imefunikwa kwa makusudi, na namba iliyofunikwa kwa makusudi haioshwi na mtu anayependa kurudi nyumbani. Nikayaacha.

Basi nikafungua boneti nikaanza kutibu bila kuuliza, kama mganga bubu. Mkanda wa feni nikauvuta, umekaza. Mipira ya maji nikaibonyeza, mizima. Pampu nikaitikisa, haichezi. Nikachomoa kijiti cha oili, oili safi, haijaingia maji. Gari likapoa nikafungua kifuniko cha rejeta, nikakuta maji yamepungua sana, na hapo nikafurahi (mjinga akipata jibu hufurahi). Nikasema moyoni, rejeta inavuja mahali ambapo sipaoni.

Mafundi wa zamani walikuwa na dawa ya rejeta inayovuja: kijiko kimoja cha unga wa mhogo. Unatia juu, unga unazunguka na maji, unakwenda kukwama kwenye tundu, unaziba. Kijiko kimoja. Mimi nilikuwa na kopo la unga wangu wa chakula cha mchana. Nikatia kijiko kimoja. Sajini akatazama saa yake, nikatia cha pili. Akakohoa, nikatia vitatu. Akaja kusimama nyuma yangu akauliza, "Sasa?" nami nikageuza kopo lote, nikaongeza maji, nikafunga.

"Tayari, afande."

"Panda nyuma."

"Mimi, afande?"

"Kama nachemsha tena, wewe uko hapa. Panda."

Nikapanda, nikakaa nyuma ya yule mama na magoti yangu yakigonga kiti chake. Tulikuwa hatujafika mbali, msongamano wa watu wa Kalerwe ndiyo kwanza unaanza na jipu linatembea kwa hatua, nikaona mshale wa joto unapanda. Nilitakiwa kusema simama. Neno moja. Nikalitafuta na halikuja.

"Fundi," akasema Sajini, "huu mshale naenda wapi?"

"Unapanda kidogo, afande."

"Napanda kwenda wapi?"

Mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Akauliza ni nini, na mimi (Mungu anisamehe) nikasema, "Ni jasho tu, afande." Yule mama akavuta pumzi kwa pua.

"Nani anapika?" akauliza. "Nasikia harufu ya jikoni."

Jipu likakohoa mara tatu, likazimika katikati kabisa ya soko, kati ya makabichi na ndizi. Sajini akashuka, akafungua boneti mwenyewe, akaninyooshea kidole. "Fungua rejeta."

Hata mtoto wa gereji anajua kwamba kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi. Ukikifungua kinakuua. Nilijua. Nilitaka kusema. Lakini kumkatalia mtu mwenye bastola kiunoni, mbele ya soko zima, mimi niliyeshindwa kusema simama? Nikafunga tambara mkononi, nikaegemea pembeni, nikafumba macho, nikazungusha.

Uji ulitoka kama umeitwa. Ulipanda juu kuliko paa la jipu, mweupe, mzito, unafoka, ukasimama hewani kidogo kama unachagua pa kuangukia, halafu ukaanguka kwenye makabichi, kwenye kofia ya mwenye ndizi, na sehemu kubwa, jamani, sehemu kubwa na nono, ukaanguka kifuani kwa Sajini. Mimi ulinipata mkono wa kushoto, alama bado iko.

Sajini akapiga kelele, akafungua vifungo haraka, akavua shati akalitupa juu ya boneti. Kifua kilikuwa chekundu lakini hakikuchubuka, sare ilikuwa nzito. Akabaki na singlendi nyeupe yenye tundu ubavuni.

Soko lote likanyamaza. Hamjawahi kuona Kalerwe imenyamaza. Watu zaidi ya mia wanatazama mwanajeshi aliyepakwa uji na hakuna hata mmoja anayecheka, wanatafuta tu njia ya kuondoka bila kuonekana wanaondoka. Nikapiga magoti bila kuambiwa. Nilikuwa nawaza nani atampelekea mama yangu habari, na atamwambiaje kwamba ilikuwa ni unga.

Ndipo kicheko kikatoka ndani ya jipu. Cha taratibu kwanza, halafu cha nguvu, cha mtu mzima anayejishika ubavu. Tone la uji lilikuwa limepita dirishani likatua juu ya kapu la yule mama, akaligusa kwa kidole, akaonja.

"Huyu amepika vizuri," akasema, "lakini hakutia sukari."

Na mwenye makabichi, mama mnene anayeitwa Nnalongo, kabla akili haijamkataza, akamjibu kwa sauti, "Sukari, nnyabo? Sukari iko wapi Kampala?"

Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Sote tukamtazama Sajini. Kusema hadharani kwamba hakuna sukari kulikuwa kusema jambo kubwa, na alilisema mbele ya nani! Sajini alisimama na singlendi yake, uji unamdondoka kidevuni, akamtazama Nnalongo, akamtazama mama yake anayefuta machozi ya kucheka.

"Hata sisi kambini hapana," akasema.

Basi soko likacheka. Lilicheka mpaka mwenye ndizi akakaa chini. Nnalongo akaja na kitambaa na maji, akampangusa Sajini shingo kama anampangusa mwanawe, huku akisema "bambi, bambi, pole ssebo," yaani pole bwana, wala hakumwita afande. Kisha akainama mbele ya jipu kunawa, maji yakamwagikia yale matope, matope yakatelemka, akapiga ukelele.

"Banange! Njooni muone! Fundi unatafuta nini juu, gari lako limejaa kitoweo!"

Nikaenda kwa magoti yangu yaleyale. Nyuma ya wavu, rejeta yote ilikuwa imejaa senene, wale panzi wa kijani ambao sisi tunawakaanga na kuwala msimu wao wa Novemba ukifika, wameshindiliana mpaka hakuna hata kitundu cha upepo kupita, wengine wameshaiva kwa moto. Rejeta haikuvuja mahali popote. Ilikuwa haipumui tu, na maji yalipungua kwa kuchemka.

"Wewe ssebo," Nnalongo akamwuliza, vivi hivi, mikono kiunoni, "ulipita wapi na gari hili?"

Naye akajibu, vivi hivi. "Natoka Arua na mama, usiku kucha. Karibu na Wobulenzi, alfajiri, wadudu naanguka kama mvua. Mama akasema funga dirisha. Halafu matope, barabara mbaya."

Ndiyo hivyo tu. Ndiyo siri yote ya usiku wa jana. Mtoto alikuwa anamleta mama yake kwa daktari. Mimi nimezaliwa Kampala, ningesikia tu "Wobulenzi" na "alfajiri" katika mwezi ule wa senene ningeenda moja kwa moja mbele ya gari, kazi ya robo saa.

Wanawake wakatoa vibanio vya nywele na njiti, wakaanza kuchokoa senene mmoja mmoja, wanabishana senene wa wapi ni watamu zaidi. Mimi nikafungua bomba la chini la rejeta kumwaga uji, tukawa tunatia maji safi na kumwaga, tunatia na kumwaga, na aliyekuwa anabeba maji kutoka bombani ni Sajini mwenyewe, ndoo mbili mbili, anakimbia na singlendi yake. Saa ilikuwa inakwenda, kila akirudi anauliza, "Bado?" na mimi nasema, "Bado, afande," na yeye anakimbia tena.

Yule mama akanyoosha mkono dirishani, akapapasa hewa mpaka akanipata bega.

"Mwanangu, kwa nini hukumwuliza tulipita wapi?"

Nikasema ukweli, kwa sababu hakuwa ananiona. "Niliogopa, mama."

Hakucheka. Alisogeza kichwa karibu, akapunguza sauti.

"Hata mimi," akasema. "Akivaa zile nguo, nami namwogopa. Sikumwambia macho yangu yanakufa mpaka miaka miwili ikapita."

Jipu likawaka saa tano na nusu ikiwa imeshapita, mshale ukatulia katikati kama haujawahi kufanya lolote. Tulifika Mulago saa sita kasoro kidogo. Shati lilikuwa limelowa uji kote, halivaliki, kwa hiyo aliingia na singlendi amemshika mama yake mkono, na mimi nyuma na kapu. Mtumishi mmoja mlangoni akamtazama.

"Wewe wa singlendi! Unakwenda wapi? Mstari uko huku."

Nikafumba macho tena. Nilisikia Sajini anavuta pumzi ya kusema. Lakini kilichosikika ni benchi kulia, maana alikuwa amekaa. Mama yake akakaa pembeni yake, akakishika kile kitundu cha singlendi kwa vidole viwili, akasema nyumbani atamshonea, na wakangoja hivyo, mkono wake bado ubavuni mwa mwanawe. Saa sita ikalia, ikapita. Daktari akatoka na mkoba, akatazama saa, akawatazama wale wawili, akarudi ndani akawasha taa. Waliingia wa mwisho.

Sijui Sajini yule alikuwa nani siku nyingine, na alifanya nini na sare yake. Siwezi kumsemea. Nawaambia tu niliyoyaona benchini.

Na mimi? Unga wa mhogo naula, sitibu gari kwa huo. Gari likiingia gereji sasa, la mwalimu, la padri, la mwanajeshi, sifungui boneti kabla sijauliza limetoka wapi na limepita wapi, na sauti inanitetemeka kama zamani. Mwaka juzi mmoja mwenye miwani nyeusi alinijibu kwa kofi. Nikangoja sikio liache kulia, nikamwuliza tena.