Ukuta wa Watu Wawili

Nilitoka Songea nimekaa juu ya magunia ya mahindi, nia yangu ikiwa Dar es Salaam. Tunduru tulilala. Masasi tairi lilipasuka. Lindi dereva alimtafuta mke wake wa zamani, akamkosa, akaendesha kwa hasira mpaka njia panda ya Nangurukuru, na hapo gia zikagoma kabisa. "Hii ni wiki nzima," fundi akasema kutoka chini ya lori. Nikachukua begi langu la vifaa vya kutengenezea cherehani, nikapanda bodaboda kwenda Kilwa Kivinje kuoga na kusubiri.

Nilikaa karibu miaka miwili.

Kilichonishika ni safu moja ya nyumba za zamani. Zilikuwa za mawe ya matumbawe, za ghorofa moja, zimeshikana bega kwa bega, na mbele ya kila moja kuna baraza. Ukienda sokoni unasalimia baraza baada ya baraza, na ukifika mwisho umeshasahau ulikuwa unakwenda kununua nini. Nyumba ya katikati ilikuwa ya bibi mmoja mjane, naye alikuwa anapangisha chumba cha juu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unakaa mpaka lini?"

"Mpaka lori lipone."

"Basi hukai. Watu wa malori nawajua."

Chumba kilikuwa chembamba na kirefu, na vyote vya safu ile vilikuwa hivyo. Bibi alinionyesha dari, boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu. Mkoko haurefuki upendavyo wewe, kwa hiyo boriti ndiyo inayoamua upana wa chumba. Ncha za boriti zake zililala ndani ya ukuta uleule uliobeba boriti za jirani, kushoto na kulia. Wenyewe waliuita ukuta wa watu wawili. Desturi ilikuwa hugusi ukuta huo, hata kwa msumari, kabla ya kupiga hodi upande wa pili. Hodi yenyewe ilipigwa ndani ya kidaka, kile kishubaka cha kuwekea taa na vikombe, kwa sababu hapo ukuta ni mwembamba. Nilijifunza kuishi na hodi hizo. Jirani wa kushoto, mama muuza maandazi, aligonga kwa mwiko hata alipotaka chumvi.

Nyumba ilikuwa na ugonjwa mmoja: paa lake bapa lilivuja. Zamani bibi mwenyewe alikuwa ameona chokaa imechakaa, akataka paa ling'ae kama la mjini, akaagiza saruji imwagwe juu yake. Saruji ikapasuka, maji yakaingia chini yake yakakosa pa kutokea ila sebule ya juu. Sasa mwanawe wa Dar alikuwa amepiga simu: anakuja na mvua za masika, na akikuta maji ndani, anamchukua mama yake na kuivunja nyumba ajenge ya tofali.

"Huko Dar nitamsalimia nani?" bibi aliniuliza. "Geti?"

Mama maandazi naye hakulala. "Akivunja yako, boriti zangu zitabaki zinaning'inia kama meno ya kizee."

"Usitaje meno nyumbani kwangu," bibi akajibu. Alikuwa amebakiza machache.

Wakaamua kulitengeneza paa kama zamani, kwa chokaa. Tuliibandua saruji. Matumbawe yalichomwa juu ya magogo ya minazi, chokaa iliyotokana nayo ikalazwa shimoni na maji mpaka ikalainika, ikachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Kisha ikaja siku ya kupiga. Safu nzima ilipanda juu na vibao bapa, tukachuchumaa mstari mmoja, mama maandazi akaanza kuimba. Chokaa hupigwa kwa wimbo, kila kibao kishuke pamoja, la sivyo inaganda na mawimbi. Mimi kibao changu kilishuka kilipotaka.

"Mtu wa bara, unapiga sakafu ya paa au unaua nyoka?" mama maandazi akaukatiza wimbo.

Paa zima likacheka, mapigo yakapotea, ikabidi aanze wimbo upya. Akaliingiza na neno hilo la nyoka ndani ya wimbo, na kila liliporudi walinigeukia wote. Bibi alipanda ngazi akiwa ameshikwa mkono, akapiga vyake viwili vitatu, akasema sasa paa ni halali. Sijawahi kuchoka kwa furaha namna ile.

Mwanawe alifika na basi la mchana, mvua ikimfuata nyuma. Hakuketi. Alipanga masufuria sebuleni, akasimama katikati yake akitazama juu. Mvua ilipiga mpaka jioni. Masufuria yalibaki makavu. Akayakusanya mwenyewe, akayarudisha jikoni, akatoka barazani, akaketi karibu na mama yake.

"Mama," akasema, "nimechoka kupanga nyumba za watu. Chumba nilichozaliwa anakaa nani?"

Usiku ule kwenye sinia la wali bibi alinisogezea kichwa cha samaki changu, kipande ambacho siku zote kilikuwa chake.

"Fundi," akaniuliza, "lile lori lako, halijapona?"

"Limepona, bibi."

"Alhamdulillahi," akasema, na macho yake yalikuwa yanacheka na kulia pamoja.

Asubuhi nilifunga begi. Gari langu lilikuwa la kwenda Dar kupitia Miteja na Somanga, na nilijua sitarudi kukaa, maana chumba kilikuwa kimepata mwenyewe. Nikaingiza mkono kwenye kidaka, nikagonga hodi ya mwisho.

Mwiko ukajibu upande wa pili, kwa mapigo yaleyale ya paani.

"Mtu wa bara," sauti ikapita ukutani, "nyoka amekufa?"