Blanketi Alilolikalia Saidi

Asubuhi ile nilikuwa nikisahihisha tafsiri za Kilatini za wanafunzi wangu wa seminari, na mama alikuwa uani akipukuchua mbaazi. Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Mama alilalamika kwamba mbaazi za mwaka huo zimeingia wadudu. Nilimwitikia bila kuinua kichwa. Nayakumbuka hayo kwa kuwa ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho katika nyumba ile.

Moshi ulionekana kwanza, upande wa kanisani. Milio ya bunduki ikafuata.

Jirani yetu alirudi ndani kuchukua mbeleko ya mtoto.

Hakutoka.

Tulipita katika mashamba ya muhogo, tumeinama. Mtoni tulivushwa na mtu tusiyemjua, katika mtumbwi uliojaa watu. Nyuma yetu mapaa yalikuwa yakiungua.

Ng'ambo ya huku, upande wa Tanzania, tulipata lori lililotufikisha Nachingwea, na kutoka Nachingwea tukaenda Mnero, kwa sababu mama alikuwa amevimba miguu na tuliambiwa kwamba kuna zahanati karibu na kanisa. Hapo, katika foleni ya zahanati, ndipo tulipokutana na Saidi, mkulima wa korosho na ufuta, mwenye umri kama wangu, aliyempeleka mwanawe Zuhura kutibiwa homa. Alimwuliza mama ukoo wake. Mama alipoutaja, Saidi alipiga makofi, na foleni nzima ikageuka.

"Alaa! Kumbe watumwa wangu hawa! Nani kawafungulia zizi?"

Mama, ambaye tangu mtoni alikuwa hajatabasamu, alimtazama juu mpaka chini. "Kichwa chenyewe kama bibo lililooza," akasema, "halafu unataka kumiliki watu."

Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu, na mto haukuwahi kuuzuia utani huo. Jioni hiyo tulilala kwake. Tulikaa masika na kiangazi, tukila alichokula yeye. Sikumbuki siku hata moja aliyoniita kwa jina. Niliposhika jembe alikuwa akiita majirani: "Njooni mwone! Mtumwa wangu anapalilia ufuta kama anaandika barua!" Mama alimwonya kwamba siku yeye atakapokufa, Saidi asithubutu kusogelea maiti yake, maana ataiba sanda. "Nitaiba," alijibu Saidi, "nishonee kanzu ya Idi."

Nieleze jambo hili kwa uangalifu, maana asiyelijua hatayaelewa yaliyofuata. Kwa wenyeji wa huku, msiba ni kazi ya mtani. Yeye ndiye anayechimba kaburi, anayetumwa kwa jamaa wa mbali, anayepika wakati wafiwa hawajiwezi. Naye amepewa ruhusa ambayo hana mtu mwingine: kumkejeli marehemu, kunyakua chochote cha mfiwa na kukizuia mpaka akombolewe. Mfiwa hatakiwi kukubali. Sharti agombane, avute, atukane. Katika kuvuta huko ndipo pumzi inapomrudia.

Wakati huo shirika moja la misaada lilikuwa limeanza kufika Mnero. Lilitupa sisi wakimbizi unga, sabuni, turubai, na blanketi la kijivu kwa kila mtu. Kwa kijiji kizima liliahidi kisima. Msimamizi wake alikuwa mama wa Kizungu aliyewahi kufanya kazi ng'ambo ya mto, hivyo tulizungumza naye kwa Kireno. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hili bila kejeli.

Mama alifariki mvua zilipoanza. Saidi alichimba kaburi tangu alfajiri, akiwa na tope mpaka kiunoni. Tuliporudi kutoka kuzika alinivua blanketi la mama lililokuwa mabegani mwangu, akalitandika mlangoni, akalikalia.

"Bibi huyu kaondoka na matusi yangu yote hajayajibu! Haingii mtu humu mpaka niletewe jogoo!"

Wanawake walicheka huku wakifuta machozi. Nililishika blanketi kwa mikono miwili, nikavuta. Nilimwita mwizi. Nilimwita fisi wa makaburini. Nilikuwa nalia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi niliweza kulia.

Hapo ndipo gari la shirika lilipofika. Dereva, mwenyeji ambaye angeeleza yote kwa neno moja, alikuwa likizo. Mama yule wa Kizungu alikuwa ameendesha mwenyewe. Aliona mkimbizi aliyefiwa akinyang'anywa blanketi na mwenye nyumba.

Nilimweleza kwamba ni desturi, kwamba huyu ni mtani, kwamba sote tunacheza.

Alinishika bega. "Kila anayeporwa huniambia hivyo," akasema kwa upole. "Usiogope. Nipo hapa kwa ajili yako."

Kadiri nilivyomtetea Saidi, ndivyo nilivyoonekana mwenye hofu zaidi. Nina lugha tano. Hakuna hata moja iliyonifaa.

Siku chache baadaye tuliitwa ofisi ya kijiji. Shirika lilitaka kuhakikishiwa usalama wa wakimbizi kabla ya kuendelea na kazi zake. Saidi alisimama mbele ya watu wote, blanketi amelikunja vizuri, akanikabidhi.

"Naomba radhi, mwalimu," akasema.

Niliinuka kusema kwamba mwenye kuomba radhi ni mimi. Mwenyekiti wa kijiji alinivuta mkono, akaninong'oneza, "Kaa, mwalimu. Yaishe. Tutakosa kisima."

Yule mama wa shirika alinitazama kwa furaha ya mtu aliyetenda haki. Mtu aliyenilisha na kumzika mama yangu alishtakiwa kwa ajili yangu, mbele yangu. Tangu siku ile nikipokea msaada wowote, hata wa kusogezewa kiti, uso huniwaka.

Kisima kilichimbwa, na maji yake ni mazuri. Nilihamishiwa karibu na kanisa. Na Saidi tulikutana mara nyingi sokoni, na kila mara alisimama, akanipa mkono. "Habari za asubuhi, mwalimu. Hujambo? Nyumbani salama?" Nilimwita bibo lililooza. Alitabasamu kwa adabu, akaniaga.

Mwaka jana alifia Mbwemkuru, wilayani Ruangwa, alikozaliwa. Nilikwenda kwa bodaboda, na njia nzima nilikuwa nikitayarisha tusi langu. Nilikusudia kuingia kaburini na kugoma kutoka. Nilipofika, watani wengine walikuwa makaburini wakipiga kelele na kuchimba. Nikachukua jembe.

Zuhura alinifuata. Ni mtu mzima sasa. Alilishika jembe kwa mpini, bila kulivuta.

"Mwalimu, tafadhali," akasema kwa sauti ya chini. "Usije ukatuletea matatizo tena."

Alinipeleka kwenye turubai la wageni, akanifutia kiti cha plastiki kwa upande wa khanga yake, akaniletea chupa ya maji. Nikaketi. Kutoka makaburini vicheko vilitufikia, nami nilikuwa na tusi langu, zuri kuliko yote niliyowahi kumtungia, nikawa nalizungusha mdomoni mpaka udongo ulipomfunika.