Nilimbuni Mama wa Kimilili

Nimekosa. Wacha niseme hivyo kabla sijaanza kuzungukazunguka, maana najijua, kwa kuzunguka mimi ni bingwa. Nimekosa, na aliyeumia si mimi.

Mimi ni mwanamke, nafanya kazi kwenye maktaba ndogo ya umma hapa Kitale. Jina langu sitalitaja, na la maktaba sitalitaja pia. Naandika haya nikiwa nimesimama, kwa sababu siku hizi nikikaa tu mguu unaanza kutikisika wenyewe. Mume wangu ameniuliza kama nina malaria. Laiti ingekuwa malaria!

Kazi yangu mojawapo pale maktabani ilikuwa kuandika karatasi ya msimu. Ni ukurasa mmoja. Juu ni habari zetu: paa limezibwa, hadithi za watoto sasa ni Jumamosi asubuhi, tafadhali msikate picha kwenye magazeti. Chini yake ni vitabu ninavyowashauri watu wasome. Kuna karatasi ya msimu wa mvua, kuna ya likizo ya Agosti, na kuna ya baada ya mavuno, watu wakishapata nafasi ya kupumua. Tunaibandika mlangoni, nyingine tunaacha madukani, na watu huipiga picha na kutumiana kwa simu.

Zamani hakuna aliyeisoma. Kweli tena! Siku moja nilinunua mandazi mtaani Tuwan nikafungiwa kwa karatasi yangu mwenyewe, mafuta yameshalowesha ushauri wote. Niliumia, jamani. Vile vitabu nilikuwa nimevichagua kwa moyo.

Basi msimu uliofuata nikapata akili, akili ya kujipeleka pabaya. Chini ya kila kitabu nikaongeza maneno ya msomaji. Sikumuuliza msomaji yeyote, nilijitungia tu. Mwalimu mstaafu wa Tuwan alisema kitabu fulani kilimsahaulisha dawa zake. Mkulima wa Moi's Bridge alisema alikuwa ameanika mahindi, akazama kwenye kitabu, mvua ikanyeshea mahindi yote na hakujali. Watu walicheka! Wakaja! Vitabu vilivyokuwa vimelala na vumbi vikaanza kutoka mlangoni. Mkubwa wangu, mtu asiye na desturi ya kusifu, akaniambia, "Hapa umetuweza."

Sifa ni tamu, mtu asikudanganye. Nilianza kuwatunga wasomaji hata nikiwa nachota maji.

Msimu huu wa mvua ndio nikamtunga mama wa Kimilili. Tulikuwa na riwaya ya mwanamke anayerudi shule akiwa na watoto. Chini yake nikaandika hivi: "Mama mmoja muuza mitumba wa Kimilili anatuambia: Mvua ikianza mchana mzee wangu analala, mimi natoa kitabu hiki. Nilipokimaliza nilijiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne. Mzee hajui, bado amelala!" Nikacheka peke yangu pale mezani, nikaibandika mlangoni.

Sasa nisikilize. Tulikuwa na msomaji, nitamwita Nasimiyu. Jina lake si hilo, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili asianikwe mara ya pili. Nasimiyu ni wa Kimilili na anauza mitumba. Alikuwa akija Kitale kuchukua mzigo wa nguo, halafu anapitia kwetu. Mtu wa maneno machache. Anachukua riwaya, anasema asante, anaondoka. Ambacho sikukijua, naapa, ni kwamba kila alipokuja Kitale alipitia pia darasa la watu wazima, kwamba alikuwa amejiandikisha mtihani wa kidato cha nne, na kwamba mumewe hakujua lolote.

Umeona? Nilitunga uongo wangu, ukaenda ukamkaa mtu kama nguo aliyopimiwa na fundi.

Hapo ndipo roho yangu haitulii. Nilimtunga kweli? Au macho yangu yalikuwa yameshamwona, yameona kalamu aliyochomeka kwenye kitambaa cha kichwa, yameona anavyofunika kitabu kwa nguo kabla ya kutoka, halafu kichwa kikaniletea hayo yote kana kwamba ni yangu? Najiuliza nikipika, najiuliza nikifagia. Nikiwa kanisani pia najiuliza, wenzangu wakikaa mimi bado nimesimama.

Karatasi ilifika Kimilili kwa simu. Mume wa Nasimiyu ana mashine ya kusaga unga, na watu wanaosubiri unga hawana kazi nyingine ila kusoma simu na kuchokozana. Wakaanza naye. "Mzee, mvua hiyo inakuja, si ulale!" Kwa vile mke wake ni muuza mitumba, mzaha ulimfaa. Mwanzoni alicheka nao. Kisha akaenda nyumbani, akakuta riwaya ile ile, na mhuri wetu ndani, imefichwa katikati ya mzigo wa nguo.

Alikuja maktabani asubuhi. Gambuti zake zilikuwa na matope, akazivua mlangoni ili asituchafulie sakafu. Akaingia na soksi, na heshima zake zote, akaweka simu mezani mbele yangu.

"Madam, samahani. Huyu mama mmeandika hapa, ni nani?"

Jibu lilikuwa moja na lilikuwa fupi: hayupo, baba, nimemtunga mimi. Lakini mkubwa wangu alikuwa nyuma yangu anapanga magazeti, na nilisikia ameacha kupanga ili asikilize. Nikaona kazi inakwenda. Nikaona nitakavyochekwa na wenzangu, mimi na mwalimu wangu mstaafu na mkulima wangu wa Moi's Bridge.

Nikajikaza, nikatoa sauti ya ofisi. "Baba, pole sana. Sisi hatutaji wasomaji wetu. Hiyo ni siri ya msomaji."

Ee Mungu wangu! Siri ya msomaji! Msomaji gani?

Alinitazama, kisha akachukua simu yake taratibu. "Sawa, madam. Hiyo tu ndio nilikuwa nataka. Kama hayuko ungesema hayuko. Sasa nimejua iko mtu unaficha."

Akavaa gambuti zake akaenda. Ningeweza kumkimbilia. Mlango ulikuwa wazi, na yeye hakuwa na haraka. Sikumkimbilia.

Na unajua kilichofuata? Nilisifiwa! Kwenye kikao cha wafanyakazi mkubwa wangu alisema hivyo ndivyo mtu wa maktaba anavyotakiwa kusimama na msomaji wake. Wenzangu wakanipigia makofi. Niliyapokea makofi, na chai nikanywa.

Nasimiyu hakuja tena. Riwaya ililetwa na mtu wa bodaboda, bila salamu. Kila mlango ulipolia nilinyanyua kichwa, nikaona ni mwingine. Mwishowe nikaenda kumuuliza mama mmoja wa mitumba hapa Kitale, aliyekuwa akichukua mzigo pamoja naye.

"Kwani hujaskia?" akaniambia. "Bwana yake alisema kama mambo ya nyumba yake inasomwa mpaka Kitale, yeye arudi kwao. Ako Bungoma kwa kaka yake. Watoto wamebaki kwa baba. Na ni nyinyi mlimwanika, ati watu wa vitabu!"

Sikurudi kazini siku hiyo, nilizunguka mjini tu kama mtu aliyepoteza funguo.

Kesho yake nikaenda Kimilili kwa yule mume. Nilimkuta kwenye mashine yake, mweupe kwa unga mpaka nyusi. Mashine hakuizima, kwa hivyo ilibidi niungame kwa kupiga kelele, watu wamekaa na magunia yao wananisikiliza. "Nilitunga, baba! Sikuongea na mama yeyote! Wale wasomaji wote ni wangu, hakuna hata mmoja wa kweli!"

Alinisogelea ili asipige kelele na yeye. "Madam, wewe ni mtu mzuri. Ile siku ulimkinga, na leo umetoka Kitale yote kuja kumkinga tena. Lakini nilimuuliza mwenyewe, akakubali. Masomo ni ya kweli. Mtihani ni ya kweli. Sasa hiyo uongo yako iko wapi?"

"Ile ya kulala! Ile ya mvua! Yote nilitoa kichwani."

"Na mimi hulala mvua ikinyesha," akasema, bila hata kucheka. Akamwaga mahindi ya mtu kwenye mashine, kisha akanirudia. "Mimi si masomo inaniuma, madam. Hata angeniambia, pengine ningekataa kidogo, halafu ningekubali. Inaniuma vile aliambia nyinyi kwanza. Watu wa Kitale walijua, na mimi nalala naye sikujua."

"Hakutuambia, baba! Naapa hakutuambia!"

"Basi mlijuaje?"

Ningemwambia nini? Kitu kilichomfukuza mke wake kilikuwa hicho tu, kwamba alituambia sisi kwanza, na hicho ndicho kitu ambacho hakikutokea. Lakini mimi mwenyewe ndiye niliyekithibitisha, kwa sauti ya ofisi, na sasa ukweli wangu haukuwa na pa kukaa.

Kutoka hapo nikateremka Bungoma. Nasimiyu alikuwa nje kwa kaka yake, anachambua maharagwe kwenye uteo. Alinitolea kiti, maana ndivyo alivyolelewa, akaendelea kuchambua. Nilimweleza yote bila kupumzika. Karatasi, mandazi, sifa, mkubwa wangu nyuma yangu, siri ya msomaji. Nilijitayarisha kwa matusi. Nilikuwa hata nayataka.

"Hakuna mtu alikuambia habari yangu?" akauliza.

"Hakuna, dada."

"Na huyo mama mwenye mliandika?"

"Hayupo. Nilimtunga."

"Hayuko kabisa? Hata si wa Kimilili, labda wa mahali pengine?"

"Hayupo popote."

Mikono yake ikasimama juu ya maharagwe.

"Mimi nilisoma hiyo karatasi kabla ya bwana yangu," akasema. "Na sikudhani ni mimi, maana sikuwa nimeambia mtu. Nilisema, kumbe tuko wawili! Hesabu ilikuwa imenishinda, nilikuwa nimeshaamua kuacha. Nikasema, bana, kama huyo mama ameweza na bwana yake amelala hapo, mimi pia nitaweza. Nilimtafuta soko yote ya Kimilili. Kila mama wa mitumba nikimwona namwangalia, nasema labda ni huyu. Nilikuwa nataka tukae tusome pamoja."

Nilitaka kusema kitu. Akanyanyua mkono ninyamaze.

"Hata nilipofukuzwa nikakuja huku, nilikuwa nasema mimi nimekamatwa, lakini yeye hajakamatwa. Yeye ataingia kwa mtihani. Sasa unakuja kuniambia hayuko."

Akalia. Kufukuzwa kwake alikuwa amekutaja kwa macho makavu. Alimlilia mama niliyemtunga mezani nikicheka.

Nilimuuliza kama mtihani bado ataufanya, nikamwambia maktaba itampa nafasi, vitabu, chochote. Akajipangusa kwa leso.

"Nitafanya ama sitafanya, hiyo si yako tena. Enda nyumbani, madam."

Nimeshamwambia mkubwa wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda mlangoni akaibandua ile karatasi kwa mkono wake. Nimetolewa mezani, napanga vitabu kule nyuma huku wakiamua la kunifanya. Wasomaji wananiuliza karatasi ya likizo itatoka lini, na kama yule mama wa Kimilili alipita mtihani. Wananiuliza wakitabasamu! Nawaambia hayupo, nilimtunga, nao wanapigana kumbo wakidhani naficha siri yake.

Wewe unayeandika, iwe ni habari za maktaba, za kanisa, za chama au za shule, nakuomba: kama kitabu umekipenda wewe, andika nimekipenda mimi. Usijitafutie mashahidi kichwani. Watu wetu husoma wakitafuta mtu wa kufanana naye, na unaweza kumpa mtu mwenzake wa uongo akamwegemea kwa uzito wake wote.

Na siku mtu atakapokuja kukuuliza swali ambalo jibu lake ni aibu yako tu, mpe hilo jibu hapo hapo, mkubwa wako akisikia, na wenzako wakisikia. Usijifiche nyuma ya neno zuri. Aibu yangu ingekwisha kabla ya chai ya saa nne, watu wangenicheka wakarudi kwenye magazeti yao. Sasa Nasimiyu analala kwa kaka yake Bungoma, watoto wake wako Kimilili wakiuliza mama atarudi lini, na vitabu vyake vya hesabu sijui nani anavifungua.