Makungu Mchoma Chokaa

Makungu wa Kiwengwa huenda alikuwa mtu wa pekee Unguja nzima aliyefurahi nyumba za watu zikibomoka. Msimfikirie vibaya. Hakuwa mchawi, wala hakuwa na chuki na mtu. Alikuwa mchoma chokaa tu, na mchoma chokaa huomba mvua kama mkulima, isipokuwa yeye huomba inyeshe kwenye kuta za wengine.

Masika yakimalizika, alipanda lori la nazi mpaka Mjini, akajipitisha vichochoroni, mikono nyuma, kama tabibu anayekagua wagonjwa wake. Hapa chokaa imebanduka, pale maji yamepenya mpaka udongo mwekundu umemwagika na jiwe limetokeza, kule boriti zimeoza na dari imelalia upande. "Alhamdulillahi," alisema kimoyomoyo. Mgonjwa aliyempenda kuliko wote alikuwa Bwana Dawood, mwenye duka na nyumba kuukuu huko Mkunazini.

"Bwana Makungu, mvua imenila mwaka huu," Dawood alilalamika.

"Pole sana, bwana," Makungu alijibu, akaukunja uso kwa huruma kadiri alivyoweza. "N'takuletea magunia. Nyumba za mawe ndivyo zilivyo, maji hayana adabu. Sisi wa shamba tunakaa juu ya ardhi ya Mungu. Haibanduki."

Ardhi yenyewe ilitoka kwa mama yake, Bi Sichana, aliyefariki mwaka wa hamsini na moja. Alikuwa na minazi kando ya pwani, na alilotaka kwa wanawe lilikuwa moja: azikwe humo humo na aachwe alale. Akazikwa upande wa juu, mahali ambapo hata maji makubwa ya bamvua yalikuwa hayafiki. Mirathi ikagawiwa, mwana wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Sheria ni sheria, hapo hapana maneno. Ila kuchagua upande ni jambo jingine, na Makungu alichagua kwanza. Alichukua upande wa kusini, wenye minazi iliyonyooka na kaburi la mama, na mbele yake mwamba mrefu ulioinuka kando ya maji kama ukuta wa ua. Dada yake, Mwanamwema, akaachiwa kipande cha kaskazini kinachoishia kwenye rasi, mawe matupu na minazi michache iliyopinda. "Dada yangu hapendi makubwa," Makungu aliwaeleza watu, bila kumwuliza dada yake.

Mwamba ule ndio uliomtia kazini. Wenzake walichimba jiwe la chokaa huko ndani, maweni, wakalibeba kichwani juani. Yeye analo mlangoni! Maji yakipwa, Makungu na mtaimbo wake, anavunja. Tanuu alilipanga papo hapo pwani, magogo ya minazi chini, mawe juu. Likishawaka na kupoa, anayamwagia maji mawe, yamegeuka unga mweupe.

Kusi ilipoanza kuvuma mwaka uliofuata, mawimbi yaliyozoea kuvunjikia mwambani yakaukosa. Yakaja moja kwa moja mpaka mchangani, yakachota, yakaenda zao. Mnazi wa mbele ukabaki mizizi nje, ukainama, ukaanguka. Mtu mwingine angeshtuka. Makungu alishukuru, maana kuni za tanuu zilikuwa taabu kuzipata, na sasa bahari inamwangushia magogo bila shoka. Akaupasua mnazi, kisha akavunja mwamba zaidi ili gogo lisipotee bure. Mwamba ukipungua, minazi inaanguka. Minazi ikianguka, tanuu linawaka. Tanuu likiwaka, mwamba unapungua. Yeye aliiona ni baraka tupu. Bandu bandu huisha gogo, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na biashara ya chokaa.

Na mchanga je? Haukwenda mbali. Kusi iliusukuma kaskazini mpaka ukagota kwenye rasi, ukalala juu ya mawe ya Mwanamwema. Zamani kaskazi ikigeuka ilirudisha kilichochukuliwa. Sasa hata ukirudi haukuwa na mwamba wa kuushika, ukapita zake. Upande wa dada pakaota tuta jeupe, tuta likashika majani, Mwanamwema akapanda minazi mipya. Makungu hakuweza kuvumilia. Akaenda kudai.

"Mchanga huu wangu," alisema.

"Wako?"

"Umetoka kwangu. Na mimi nna mafungu mawili."

"Basi uchukue, kaka. Pakacha lile pale." Mwanamwema hakucheka. "Lakini kabla hujabeba, kaburi la mama umelitazama? Maji yanalisogelea. Nnakuomba, uache huo mwamba uliobaki."

"Maji hayajafika pale tangu tuzaliwe."

"Hayajafika kwa sababu mwamba ulikuwapo."

Makungu akaona dada ana husuda, akarudi kwake. Masika yale yalikuwa makali, kuta za Mjini zilibanduka vizuri sana, na Dawood alikuwa anangoja. Akaumaliza mwamba.

Kusi ya mwaka wa hamsini na sita, asubuhi ya bamvua, mkewe Mashavu alirudi kutoka pwani mbio, mtandio mkononi.

"Mume wangu, kaburi la mama limebomoka ubavu. Kiunza kinaonekana!"

Hapo hapana cha kucheka. Makungu alikuta maji yanaulamba ule ubao aliouweka kwa mikono yake juu ya mama yake. Akapiga magoti, akajaribu kuziba kwa mchanga. Alichoziba, wimbi lilikichukua. Akalia kwa sauti, mtu mzima, watu wanamwona.

Shekhe wa kijiji alisema maiti haachiwi maji, ahamishwe. Lakini ahamishiwe wapi?

"Mleteni kwangu," alisema Mwanamwema.

Wakachimba nyuma ya tuta, mbali na maji. Makungu alishuka kaburini akampokea mama yake mara ya pili, na alikuwa mwepesi mno. Walipokwisha kufukia, shekhe akauliza jiwe la kuweka kichwani. Watu wakatazama pwani huku na huku. Mawe ya Mwanamwema yalikuwa chini ya mchanga. Ya Makungu yalikuwa Mjini, yamepakwa ukutani.

Makungu aliondoka. Alifika nyumbani kwake, hatua chache kutoka lilipobomoka kaburi, akaanza kung'oa jiwe kubwa la msingi, pale penye pembe.

"Mume wangu, nyumba itaanguka!" Mashavu alipiga kelele.

"Itaanguka tu. Bora nianze mwenyewe."

Akalibeba kichwani mpaka kwa dada yake. Watu wakampisha njia, hakuna aliyemsaidia.

"Liweke hapo, kaka," Mwanamwema alisema. "Na hili usilichome."