Wadudu Wasioliwa

Mvua za kwanza zikirudi Kisangani, mayungiyungi yangu huchipua, na wadudu wekundu hufika kuyala kabla ya maua. Kila asubuhi nainama kuwaokota na kuwazamisha kwenye kopo la maji ya sabuni. Lazima mkono mmoja uwe chini ya jani, maana ukiwagusa tu wanajiangusha chali, na tumbo lao jeusi halionekani kwenye udongo. Watoto wao ndio wachafu zaidi: wanajipaka mavi yao wenyewe mgongoni. Kiuno kinaniuma, na najua kesho watakuwepo tena.

Juzijuzi mama jirani alichungulia kopo langu kutoka upande wake wa uzio. Huku kwetu, mtu akiokota wadudu, anaenda kuwapika.

“Iko ya kukula?”

“Hapana, mama.”

“Na ile maua, inakulwaka?”

“Hapana.”

Aliniangalia kwa huruma. “Alors, basi, wachia wadudu wenye wanaikula.”

Nilitaka kumjibu kwa ukali, lakini nilifunika kopo kwa kiganja. Siku hizi naamka kabla yake, naokota harakaharaka kama mwizi, kwenye bustani yangu mwenyewe.