Kikapu Nilichokiacha Bungoma

Sikwenda Bungoma kutembea. Nilikwenda kumtoa mjukuu wangu Nafula kazini. Yeye ndiye mkubwa wa kikosi cha zimamoto pale mjini, na mimi ndiye niliyemlea. Alinipigia simu akasema, "Kukhu, nimechoka. Nakuja tulime vitunguu na wewe." Kwetu bibi anaitwa kukhu. Sikumuuliza mengi. Nilichukua kikapu changu kikubwa cha kubebea nguo zake, nikafunga mlango.

Alfajiri, Kiminini. Jirani yangu Mama Wanjiru hupeleka kabichi Bungoma kwa pikapu yake, akanikalisha mbele. Ukungu ulikuwa umelalia mahindi, na mikaratusi ilitokea mmoja mmoja kando ya barabara kama watu wanaotoka kulala. Hatukuona nyumba yoyote. Tulisikia jogoo tu, na hatukujua ni wa nani.

"Ati unaenda kung'oa mtu wa serikali kama kitunguu?" Mama Wanjiru akaniuliza.

"Endesha gari," nikamwambia.

Kamukuywa tulivuka mto bila kuuona, tukausikia chini yetu. Kutoka hapo sikulala, lakini siwezi kusema nilikuwa macho. Niliona Nafula akiwa mdogo, anakimbia mbele ya gari na ndoo kichwani, na maji hayamwagiki. Nilipofungua macho tulikuwa Chwele, jua limetoka, na mlima Elgon umekaa mkono wa kulia, wa samawati, kama kitu kilichochorwa jana na bado hakijakauka.

Mchana, Bungoma. Lori jekundu lilikuwa limeoshwa, linadondosha maji. Vijana wa kikosi walikuwa wanakula pamoja kivulini. Nafula alikuwa ndani peke yake, sahani mapajani. Hiyo niliiona kabla ya kusalimia.

"Karibu, Kukhu," akasema mmoja wao, Wekesa, aliyefungwa bandeji kwenye paji la uso. "Umetuletea nini?"

"Nimekuja kumchukua mkubwa wenu."

"Mchukue," akasema, akaendelea kula.

Nafula akanieleza. Wiki iliyopita vibanda vya mafundi wa nguo nyuma ya soko vilishika moto. Walipofika, alikuta waya wa stima umeanguka kwenye kichochoro. Akaamuru mtu asirushe maji mpaka wenye stima wazime. Wakasimama. Wakiwa wamesimama, duka la fundi mmoja, Mama Nekesa, likaisha lote. Watu wakarushia lori mawe, na Wekesa akapigwa. Tangu siku hiyo vijana wanasema mkubwa wao ni mwoga.

"Uliwaambia kwa nini mmesimama?"

"Nilitoa amri, Kukhu. Kwa moto hakuna wakati wa hadithi."

"Na moto ulipozima?"

Akaweka sahani chini.

"Umeenda kumpa pole huyo mama?"

"Nilikatazwa na walio juu yangu. Nikienda itaonekana tumekubali makosa."

Mimi nauza maziwa. Maziwa yakikatika kwa sufuria ya mteja, naenda kwake kabla hajanijia, hata kama ni sufuria yake iliyokuwa chafu. Kama siendi, kesho ananunua kwa mwingine, na sababu hataniambia. Nilimwambia Nafula hivyo, nikamwambia avae viatu.

Tulinunua sukari, majani ya chai na mkate, tukaweka kwenye kikapu. Wekesa akatufuata bila kuitwa. "Nataka kusikia vile atasema," akaniambia.

Alasiri, nyuma ya soko. Majivu yalikuwa laini kama unga, na kila hatua iliinua moshi kidogo ambao haukuwa moshi. Vyerehani vyeusi vilikuwa vimepangwa chini kama mbuzi waliolala. Katikati, kwenye kigoda, Mama Nekesa alikuwa anapinda sketi kwa mkono.

"Ndio nyinyi," akasema. "Mlisimama na maji yenu kama wageni wa arusi."

Alisema mengi, na hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, Nafula akachuchumaa majivuni mbele yake.

"Pole, mama. Waya wa stima ulikuwa chini, bado una umeme. Maji yangeugusa, ningempoteza huyu," akamwonyesha Wekesa, "na wale waliokuwa wanakuja na ndoo."

"Si ungesema, bana," Wekesa akasema. "Mimi nilidhani umeogopa."

"Niliogopa."

Mama Nekesa akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Duka limeenda tu. Lakini ungekuja kesho yake."

Akatoa vitu kwenye kikapu polepole. Halafu akaangalia huku na huku, na mimi nikajua anatafuta nini. Kwetu kikapu cha mgeni hakirudishwi bila kitu ndani. Pale palikuwa na majivu tu. Nafula akanyoosha mkono akichukue.

"Acha," mama yule akasema. "Kitakaa hapa mpaka nipate cha kuweka. Na wewe ndiye utakuja kukichukua, si huyu mzee."

"Mimi naenda nyumbani, mama," Nafula akasema.

"Basi kitakaa."

Jioni, kituoni, Wekesa alipeleka kiti kimoja zaidi kivulini. Hakusema ni cha nani. Nafula akatoka na sahani yake, akakaa.

Asubuhi Mama Wanjiru, aliyelala mjini, alipiga honi nje. Nikamuuliza Nafula nguo ziko wapi.

"Kukhu," akasema, "utazibebea na nini?"

Tukarudi, mimi na Mama Wanjiru, mlima sasa mkono wa kushoto, ukungu ukitufungukia na kujifunga nyuma yetu.

Nyinyi mnaolinda usiku hapa kwetu, nyinyi wa zimamoto, na yeyote anayesimamia watu: ukiwasimamisha, waambie kwa nini, hata kama ni baadaye. Na kazi ikiisha vibaya, rudi pale pale kwa miguu yako. Mimi nilidhani nimeenda kumwondolea mtoto mzigo, kumbe kilichomchosha ni kukaa nao peke yake.

Vitunguu nimelima mwenyewe. Jumapili Nafula alinipigia, nikamuuliza kikapu changu.

"Bado kiko kwa Mama Nekesa. Mimi na Wekesa tulipitia juzi. Amepata cherehani kimoja cha kuanzia."

Nikamwambia asimharakishe.