Ndege wa Rangi za Mbuzi

Mume wangu ni mtu wa ziwa. Neno hilo leo nalisema bila shida, lakini kuna wakati nililisema kama mtu anayetema mate. Sisi watu wa mifugo tukimwona mvuvi tunamwona mtu ambaye mbuzi wake walikufa wote, akaenda kuomba chakula majini. Alipokuja kuniposa, baba yangu aliuliza swali moja tu: "Samaki wake wanakamuliwa saa ngapi?" Kaka zangu wakaanguka kwa kicheko. Yeye alikaa tu pale kwenye ekicholong yake, kile kigoda kidogo ambacho wanaume wetu hutembea nacho mkononi, akangoja wamalize. Kisha akaondoka akaenda Lokori, akachunga mbuzi wa watu miaka kadhaa mpaka akapata wake, akarudi nao. Baba akanyamaza.

Mimi sikunyamaza. Akilalamika kwamba chakula kimeungua, nilimwambia, "Na wewe uliyekulia matumbo ya samaki, ladha umeijulia wapi?" Hakuwahi kunijibu. Nilidhani hana jibu.

Tunaishi pembeni mwa Kakuma, ng'ambo ya ule mto wa mchanga ambao huwa na maji siku chache tu kwa mwaka. Mbuzi wetu hushinda hapo. Kila mwaka, mvua fupi zikikaribia kuisha, huja ndege wadogo wa tumbo la njano, mkia hautulii, wanatembea katikati ya miguu ya mbuzi wakiokota wadudu. Mume wangu akiwaona alikuwa anasimama.

"Wamefika," angesema.

"Akina nani?"

"Wageni."

"Basi wachinjie."

Aliniambia wanatoka nchi za mbali sana, ambako miezi hii maji yanakuwa mawe na wadudu wanaisha. Wanakuja kwetu kutafuta jua, halafu joto likirudi kwao, nao wanarudi. Nilimsikiliza kama unavyomsikiliza mtoto anayesimulia ndoto. Ndege wa kidole kimoja atoke huko kote? Nikasema moyoni, hayo ni maneno ya watu wa samaki. Lakini kila mwaka alisema "Wamefika," na kila mwaka walikuwa wamefika kweli.

Mwaka jana hakusema.

Ilikuwa asubuhi, nakamua, naye amesimama karibu na zizi. Ndege mmoja wa njano alikuwa mbele ya kiatu chake cha tairi, karibu kiasi kwamba angeweza kumkanyaga. Ndege akaruka. Mume wangu hakugeuza hata kichwa. Nikaacha kukamua.

"Yule mbuzi anayekuja ni yupi?" nikamuuliza.

"Yule mwenye pembe iliyovunjika," akasema. Alikuwa sawa. Lakini yule alikuwa na kengele, na kengele yake hata mimi naijua nikiwa nimelala.

"Na yule wa nyuma yake?"

Akatega sikio. Wa nyuma yake hana kengele.

"Baba watoto. Tangu lini?"

"Tangu mvua ya mwaka juzi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na kitu cha jirani. "Jicho moja limefunga. Hili lingine linaona mwanga na vivuli."

Mwaka mzima na zaidi alikuwa anatembea kwa masikio, na mimi niliye naye boma moja sikujua. Hilo liliniuma kuliko macho yenyewe.

Mmoja wa wateja wangu wa maziwa kule kambi ya wakimbizi ni mama wa Sudan Kusini, mrefu, mwenye kibanda cha chai. Nilipomweleza alinicheka.

"Mama ya maziwa, hiyo ni kitu ya kulilia? Mimi nilikuwa kama yeye. Madaktari ya macho wanakuja Lodwar, wanatoa ile wingu, unaenda nyumbani. Sasa mimi naona hata nzi kwa maziwa yako."

"Nzi huyo alikuwa kwenye kikombe chako," nikamwambia.

"Basi namwona hata huko."

Binti yetu anakaa Lodwar. Nikampigia simu, akaenda hospitali akaandikisha jina la baba yake. Madaktari wangekuja mwezi wa pili. Nikarudi na habari kama mtu aliyebeba nyama nono. Mume wangu akasema hapana.

"Hapana nini?"

"Kinachobaki ni kidogo, lakini ni changu. Mkono wa daktari ukiteleza, nitabaki na nini?"

"Utabaki na mimi. Nitakuwa macho yako."

"Wewe," akasema, polepole, bila hasira, "huoni kitu chochote isipokuwa mbuzi."

Nikamwacha siku tatu bila kumsemesha. Siku ya nne akaja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda chake karibu na moto.

"Nipeleke ziwani," akasema. "Wageni bado wapo, hawajarudi kwao. Nikitoka huko nitakuambia kama nakatwa au sikatwi. Na hutaniuliza tena."

Nikakubali. Nilijua akisema hapana akiwa ziwani, itakuwa hapana ya mpaka kaburini.

Tulilala Lodwar kwa binti yetu, na asubuhi mapema tukachukua gari mpaka Kalokol. Kutoka pale tukatembea kuelekea ziwani. Hapo niliona ajabu: mzee ambaye nyumbani anagusa ukuta kabla ya kutoka nje alitangulia mbele yangu. Miguu yake ilikuwa inaijua njia. Alikuwa ananusa upepo, anaharakisha, na mimi nyuma na mfuko wa chai na mkate, nahema.

Kisha akasimama. Maji yalikuwa yamemfika kifundoni, na alikuwa hajatarajia maji mahali pale. Ziwa limepanda miaka hii. Limemeza ufuo wa zamani, limemeza vibanda, miti ya mathenge, ile ya miiba, imefia ndani ya maji na bado imesimama, myeusi. Yeye hakuwa ameyaona hayo. Alisimama akiwa amenyoosha mkono mmoja mbele, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishwa.

"Si hapa," akasema. "Hapa palikuwa na mchanga."

"Ziwa limesogea."

"Limesogea," akarudia.

Mimi sijawahi kumshika mkono mbele ya watu. Siku hiyo nilimshika. Mama mmoja aliyekuwa anapasua samaki pembeni akatuona, akacheka, akanisalimia kama bibi yake.

"Ejok, ata! Mnaoana leo?"

"Ejok. Tulishaoana. Nampeleka kuona ndege."

"Ndege? Hao wanaokula samaki zetu? Nendeni kule nyuma kwa matete, kuna tope. Wamejaa. Wachukueni wote."

Tukaenda. Nyuma ya miti iliyokufa kulikuwa na kinamasi, maji ya kina cha kiganja, matope na matete. Ndege walikuwepo mpaka nikachoka kutazama kabla sijaanza. Akakaa kwenye kigoda chake, mimi nikakaa chini.

"Niambie," akasema.

"Nikuambie nini?"

"Unaona nini?"

"Ndege."

"Gani?"

"Ndege wengi."

Akashusha pumzi. "Ukitoka malishoni nikakuuliza umekuja na mbuzi gani, utaniambia mbuzi wengi?"

Hapo alinishika. Mtu anayesema "mbuzi wengi" ni mtu wa mjini. Sisi tunajua kila mmoja kwa rangi yake, doa lake, sikio lake, na mwendo wake. Nikapangusa uso kwa leso, nikaanza upya, mmoja mmoja, kama ninavyowapokea mlangoni mwa zizi jioni.

"Kuna mmoja mweusi mgongoni, mweupe tumboni, kama yule jike mama yangu alinipa nilipoolewa. Miguu ni myekundu na mirefu kupita kiasi. Kama ameazima."

"Huyo," akasema, na uso wake ukafunguka. "Huyo hawezi kuogelea, anaogopa kulowa tumbo. Endelea."

"Kuna wadogo, rangi ya mchanga, shingo nyeupe na mshipi mweusi. Kama mwanambuzi aliyefungwa ugwe wa kengele."

"Anakimbia, anasimama, anakimbia?"

"Ndiyo. Kama amesahau kitu."

"Sisi watoto wote tulikuwa tunawakimbiza, hatukumpata hata mmoja. Endelea."

"Kuna wa rangi ya majivu, kundi, mdomo wao kama sindano ya kushonea gunia. Wanachoma matope bila kupumzika. Kuna mmoja mgongo wake una magamba ya kahawia, kama mbuzi aliyeanza kupoteza manyoya. Na wale wadogo kabisa kule mbele wanakimbia wote pamoja, wanageuka wote pamoja, kama wanambuzi wakifunguliwa kwa mama zao."

Kila niliyemtaja, yeye alimjua. Alinieleza anakula nini, analala wapi, analia vipi, kisha akamlilia kwa mdomo wake, na mara mbili ndege walijibu. Mimi niliyemtukana kwa samaki maisha yote sikuwahi kumwuliza utotoni kwake kulikuwa na nini kingine. Hakunieleza kwa sababu sikuuliza. Jua lilipanda na sikuliona likipanda.

"Wangapi kwa jumla?" akauliza.

"Sihesabu. Mali yenye uhai haihesabiwi kwa mdomo, unaijua kazi hiyo. Mimi natazama tu nijue nani hayupo."

Akasogeza kigoda chake mbele.

"Basi nani hayupo?"

"Nitajuaje? Si zizi langu."

"Kuna mmoja hujanitajia. Mkubwa, rangi ya ardhi kavu, mistari mistari. Mdomo mrefu umepinda kwenda chini, kama msharasi wa fundi viatu uliokunjwa na ngozi ngumu. Mama yangu akimsikia alikuwa anaamka na kuandaa nyavu. Sauti yake ndiyo iliyokuwa inaniamsha. Mtafute."

Nikatafuta. Nilitazama matope yote, kisha ukingo wa matete, kisha kule mbali maji yalipokuwa yanang'aa mpaka machozi yakanitoka. Nilisimama, nikaingia kwenye tope mpaka nusu ya goti, nikatazama upande wa pili. Wapo waliopinda mdomo kidogo, lakini wadogo, wa majivu. Mkubwa wa rangi ya ardhi hakuwepo.

Nikageuka nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameinua uso, shingo imenyooka kama ya kijana, anangoja. Neno moja tu lilitakiwa. Yupo. Ningesema yupo kule, amesimama peke yake, na mzee angefurahi, na mzee mwenye furaha angekubali kwenda hospitali. Nani angejua? Nilifungua mdomo. Mimi si mtu wa kudanganya, lakini siku hiyo uongo ulikuwa umefika kwenye meno.

"Hayupo," nikasema.

"Umetazama kwenye matete?"

"Nimetazama. Nimeingia mpaka ndani. Hayupo, baba watoto."

Akashusha uso. Nikarudi nikakaa, miguu yangu ina tope jeusi mpaka magotini, nikamimina chai. Niliona safari imeharibika mikononi mwangu. Nilikuwa tayari nimeanza kumwona akigusa kuta za nyumba mpaka mwisho, na mimi nikimwongoza kwenda haja kama kondoo kipofu, kwa sababu ya ndege mmoja ambaye sikuweza kumsema.

Akanywa chai yake yote. Akaniomba nimweleze tena wale wadogo wanaogeuka pamoja. Nikaeleza. Akaniomba tena yule wa miguu ya kuazima. Nikaeleza, amelala sasa, mguu mmoja ameuficha tumboni.

"Nilijua hayupo," akasema mwishowe. "Angekuwepo ningemsikia tangu tulipofika. Masikio yangu ni mazima."

"Sasa kwa nini umenitafutisha?"

"Nilitaka kujua kama utanidanganya kwa huruma. Mtu wa kukudanganya kwa huruma huwezi kumpa macho yako."

"Wewe mzee," nikasema. "Nimeingia kwenye tope mimi, na umri huu, unanipa mtihani?"

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa, mengine ya samaki. Alipomaliza kucheka alisimama, akachukua kigoda chake, akanyoosha mkono hewani kutafuta wangu.

"Twende wakanikate," akasema. "Mkono ukiteleza, nina wewe."

Wiki ile ile, hospitali ya Lodwar, walimkata jicho moja, la kushoto. Alitoka na bandeji, akalala kwa binti yetu, na asubuhi tukarudi hospitali. Kwenye benchi walikuwa wazee wengi wa jicho moja jeupe la pamba, wanaume kwa wanawake, kila mmoja kimya na hofu yake. Nesi alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya mkuu wa shule. Alimtoa bandeji, akamsafisha, akainua kidole.

"Mzee, unaona nini?"

"Mkono wako. Una pete."

"Na huyu ni nani?" akanionyesha mimi.

Alinitazama kwa muda mrefu mpaka nikarekebisha leso. Sijui alikuwa anatafuta nini.

"Huyo ni mama watoto," akasema. "Bado ana tope."

Kweli, pindo la nguo yangu. Binti yetu hakuwa na maji ya kutosha wiki ile.

Sitasema jicho lilirudi kama la kijana. Siku chache baadaye tulikaa kando ya mto Turkwel, hapo hapo Lodwar, chini ya miti ya mikoma, na aliona korongo wakubwa kabla yangu, akanionyesha kwa fimbo, akijigamba. Lakini ndege wa tumbo la njano alipita karibu na miguu yetu na yeye akauliza, "Ni nini hicho, jani?" Nikamwambia si jani. Nikamweleza rangi yake, na namna mkia unavyotikisika, na kwamba tumbo limekolea njano kuliko lilivyokuwa alipofika.

"Basi amekaribia kuondoka," akasema. "Hiyo ndiyo nguo yake ya safari."

Akafunika jicho zuri kwa kiganja, akajaribu kutazama kwa lile bovu, akaondoa kiganja, akafunika tena. Nilimwacha. Niliahidi sitamwuliza.

"Yule nesi," akasema, "muulize madaktari wanarudi lini."

Tukaenda siku hiyo hiyo. Nesi akasema huenda baada ya mvua ndefu, hana uhakika, turudi tuulize. Nikamwambia hatuendi popote mpaka aandike kwenye kitabu chake. Akaandika jina la mzee, mbele yetu, akauliza ni jicho lipi.

"La kulia," akajibu mwenyewe, kabla sijafungua mdomo.